Mkia wa Jina Kwenye Chupa

Mwanangu Riziki,

Umeenda Nundu kumuaga bibi yako, nyumba imetulia, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Kesho asubuhi boti itakupeleka Uvira, na kutoka Uvira gari litakupandisha Bukavu kusoma shimi, ile ambayo Kigoma wanaiita kemia. Mambo ya chandarua, ya sabuni, ya kutoazima watu nguo, shangazi yako ameshakuambia, na mengine amekuambia mpaka ukafunga masikio. Sitayarudia.

Nataka kukujibu lile swali la juzi. Tulikuwa tunakula na wageni, ukasema, "Mama, mi naogopa kintu moja tu. Ile majina. Chlorure, chlorite, chlorate. Yote inafanana. Nitachanganya tu." Baba yako akacheka, wageni wakacheka, nami nikacheka nao, nikakuongezea samaki. Sikukujibu kwa sababu jibu langu ni refu, na ndani yake kuna watu ambao hukuwaona. Wakati mambo haya yananipata, wewe ulikuwa ng'ambo, Kigoma, pamoja na baba yako.

Unakumbuka upande wako wa siku ile vita vilipoingia Baraka. Baba alikubeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi, na hukuacha kuniita. Upande wangu ni huu: nilikuwa darasani, na chaki mkononi, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari. Risasi zilipoanza kugonga mabati tulitokea dirishani, upande wa nyuma, tukakimbilia mashamba ya muhogo, na kutoka pale tukapanda milimani. Nilijiambia kwamba jua likishuka nitateremka kuwatafuta. Jua lilishuka, Baraka ikawa imejaa askari, na njia ya ziwani ikawa imefungwa. Miezi ikapita kabla mchuuzi mmoja wa dagaa hajaniletea habari kwamba mko hai. Siku hiyo nilicheza peke yangu katikati ya shamba la watu, na mwenye shamba akadhani nimerukwa na akili.

Kule juu tulikuwa wengi. Watu wa Baraka, watu wa vijiji vya pwani, kila familia na kibanda chake cha majani. Chakula hakikukosekana kabisa. Muhogo ulikuwepo, sombe ya majani yake ilikuwepo, hata mawese wakati mwingine. Kilichokosekana ni chumvi. Riziki, hujawahi kukaa bila chumvi, na naomba usikae. Mwanzoni unasema bugali haina ladha. Baadaye ulimi wenyewe unakuwa kama kipande cha kitambaa mdomoni. Kina mama walichoma matete wakachuja majivu, wakapata maji machungu yanayokwaruza koo, wakatia hayo kwenye sombe. Watoto waliyatema.

Kisha kuhara kukaingia. Muganga wetu alikuwa Etongo, muuguzi wa hospitali aliyekimbia na begi moja la dawa, na begi lile lilikwisha mapema. Alituita, akasema wazi, "Dawa sina. Lakini mutoto mwenye kuhara anakauka, na akikauka njo anakufa. Nikipata maji ya kuchemsha, sukari na chumvi, nitawafanyia serum ya kunywa. Sukari tutakamua miwa. Chumvi, mutanipatia wapi?"

Jirani yangu, Mama Mlasi, alikuwa amempakata binti yake Apendeki, mtoto wa kunyonya, na macho ya yule mtoto yalikuwa yameanza kuzama ndani.

Aliyemjibu alikuwa mwanafunzi wangu Wilondja, kijana mrefu, mwenye maneno mengi na alama chache. "Madame," akasema, "si kule masomo kuna chumvi? Ile ya laboratoire. Ulituonyesha."

Alisema kweli. Katika kabati la maabara ya shule yetu kulikuwa na chupa ya chumvi safi kwa ajili ya majaribio. Nilikuwa nimeisahau kabisa, maana kichwani mwangu ilikuwa imeandikwa kwa jina la kitabuni, chlorure de sodium, si kwa jina la jikoni.

Nilishuka na Wilondja na msichana mmoja wa darasa lile lile, Faila. Yeye alikuwa kinyume cha Wilondja. Alizungumza kidogo, na kabla ya kuzungumza alikutazama kwanza. Tulibeba vikapu vya sombe kichwani kama watu wanaokwenda kuuza, maana wauza sombe waliachwa wapite. Tuliingia Baraka mchana, jua kali, tukafika shuleni. Milango haikuwepo. Madawati yalikuwa yamekuwa kuni. Katika chumba cha maabara walikuwa wanalala askari, mikeka imetandikwa ukutani, isipokuwa kona moja iliyoachwa tupu. Kwenye kona hiyo lilisimama kabati langu, na chupa zangu ndani yake, hazijaguswa.

"We mama, unatafuta nini humu?" askari mmoja akauliza. Alikuwa mtu mzima, na mvi kidevuni.

"Mi mwalimu wa shimi wa masomo hii. Natafuta chupa zangu."

Akarudi nyuma. "Zile? Sisi tunalala huku, lakini kule hakuna muntu analala. Kunaandikwa Chlor. Chlor si ni gazi ya kuua bantu?"

"Inaweza kuwa ya kuua, inaweza kuwa ya kutia ku sombe."

"Sasa hii iko ya namna gani?"

"Sijajua. Mende wamekula jina."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka wenzake wakaja kuona. "Beba!" akasema. "Beba, mama, tulale muzuri!"

Na ilikuwa kweli, mende walikuwa wamekula jina. Lebo zilikuwa za karatasi, na gundi yake ilikuwa tamu kwao. Nilipozifuta vumbi chupa mbili za unga mweupe, kila moja ilikuwa imebaki na maneno haya: "Chlor", kisha tundu, kisha "de sodium". Chupa zilifanana, unga ulifanana, punje zilifanana. Nilijua nilikuwa na chumvi katika moja yao. Nilijua pia nilikuwa na chlorate, tuliyoitumia kutengenezea oksijeni. Ile ukiila inaharibu damu ndani ya mishipa, na muganga mwenye mikono mitupu hawezi kukurudisha. Tulizificha zote mbili chini ya sombe, tukapanda nazo mlima.

Tulipofika watu walikuwa wanatungoja. Mama Mlasi alinijia mbio.

"Madame, tia ku maji. Tia tu!"

"Mama Mlasi, moja kati ya hizi itamuokoa Apendeki. Nyingine itamuua kabla ya kesho. Sijui ni ipi."

"Basi mi nitaonja," Wilondja akasema, na kidole chake tayari kilikuwa ndani ya chupa. "Nikianguka, mutajua ni ile ingine."

Nilimpiga mkono ule kofi ambalo naamini bado analisikia. Nikamnawisha vidole mwenyewe, nikamkalisha chini. Ndipo Faila akauliza, kwa sauti yake ndogo, "Madame, sisi tunakosa mukia tu, sivyo? Mwanzo wa jina tuko nayo. Sasa ule mukia unasema nini?"

Mwanangu, miaka yote nilikuwa nimefundisha mikia ile kwa kuimbisha. Ure, ite, ate, darasa zima kwa sauti moja, kama tulivyoimbishwa sisi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza inasema nini. Basi nilikaa juu ya jiwe, mbele ya kina mama wenye watoto wagonjwa, nikafundisha somo hilo kwa mara ya kwanza.

Nikawaambia: nyinyi nyote munajua kazi ya mkia. Funga ni neno moja. Ukibadilisha mwisho unapata fungua, na mlango uliokuwa umefungwa uko wazi. Piga, pigwa, pigana: mwanzo ni ule ule, lakini katika la kwanza wewe ndiye mwenye fimbo, katika la pili fimbo iko mgongoni mwako, na katika la tatu mko wawili. Mtoto anayejifunza kusema anazijua tofauti hizo bila kupelekwa shule. Wale waliotunga majina ya shimi walifanya vivyo hivyo. Walikuwa wataalamu wachache wa Paris, zamani, kabla kidogo ya nchi yao kupinduka, na mmoja wao alikuja kukatwa kichwa katika misukosuko hiyo. Kabla yao kila mtu aliita vitu apendavyo, mafuta ya hiki, chumvi ya fulani, na jina halikukuambia kilichomo. Wao wakataka jina lenyewe liseme kilichomo.

Chlor ni mwanzo, unakuambia yuko nani: klorini. Mkia unakuambia kama ameingia na oksijeni au hapana. Ure: hakuna oksijeni kabisa. Ni mkia ule ule ulio katika neno la Kifaransa blessure, jeraha, au brûlure, mahali palipoungua. Unataja kinachobaki baada ya jambo kutendeka. Ate ilitoka Kilatini, kwenye mwisho wa maneno ya kitu kilichokwisha kutendewa, karibu na wa yetu ya pigwa na pikwa. Wao waliutumia kwa chumvi, kwa maana ya shimi si ya jikoni, iliyoshiba oksijeni. Halafu walipokuta nyingine yenye oksijeni pungufu, hawakutafuta mkia mpya. Walibadilisha irabu moja tu, ate ikawa ite. Na ikipungua zaidi, mbele wanatia hypo, yaani chini. Ikizidi, wanatia per, yaani kupita.

"Kwa hiyo," Faila akasema polepole, akinitazama, "chumvi ni ure. Haina oksijeni. Na ile mbaya ni ate, iko na oksijeni mingi."

"Ndiyo."

"Na oksijeni njo chakula ya moto."

Riziki, nilisikia nywele zikisimama. Sikungoja amalize. Nilisema, "Leteni makaa!" na Mama Mlasi, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja kuhusu Paris, alikuwa ameshakimbilia jikoni.

Tuliweka makaa mekundu juu ya jiwe pana. Niliwaamuru wote warudi nyuma. Nilichukua punje kidogo kutoka chupa ya kwanza, kwenye ncha ya kijiti kirefu, nikaiangusha. Kaa lilipiga kelele kama mafuta yaliyomwagiwa maji, likawaka kwa mwanga wa manjano mkali hata tukafumba macho. Watu wakapiga yowe. Kaa lile lililiwa mbele ya macho yetu likabaki jivu.

"Ate!" Wilondja akapaza sauti.

Nikachukua kijiti kingine. Punje za chupa ya pili zikaanguka juu ya kaa jipya. Zikalia ta, ta, ta, zikarukaruka, na kaa likabaki kaa. Nilirudia. Nilichota kutoka juu ya chupa, kutoka katikati, kutoka chini, nikarudia tena mpaka Etongo akanishika bega. "Madame, moto umesema."

Sasa ilikuwa zamu yangu. Niliweka punje moja juu ya ulimi wangu. Mwanangu, ladha ile ilishuka mpaka magotini. Nilikuwa nimeshasahau kwamba ulimi unaweza kufurahi. Nilijaribu kusema "chumvi" nikashindwa, machozi yakawa yanatoka, na Mama Mlasi akadhani nakufa.

"Ni ure!" nikasema mwishowe. "Mama Mlasi, ni ure!"

Akarusha mikono juu, akaanza kupiga vigelegele, na wote wakaitikia, "Ure! Ure! Ure!" Ungeupita mlima ule siku hiyo ungeapa tunamkaribisha mkubwa fulani.

Etongo alichanganya serum yake kwa maji yaliyochemshwa, juisi ya muwa na chumvi yetu, akionja kila mara, akisema isizidi machozi kwa ukali. Apendeki alinyweshwa kwa kijiko, kidogo kidogo, na kila kijiko alichokitema, Mama Mlasi alikirudisha bila kuchoka. Kesho yake mchana yule mtoto alilia, na mara hii machozi yalitoka. Etongo aliyaona machozi yale akaenda nyuma ya kibanda, tukamsikia anaimba. Watoto wengine walifuata. Kuna waliokuwa wametangulia kuondoka kabla ya chupa ile kufika, na sijawasahau, lakini baada ya kufika hatukuzika mtoto mwingine kwa kuhara.

Watu walitaka chumvi ile kwa vyungu vyao pia, na sikuwalaumu. Mama Mlasi ndiye aliyesimama akasema, "Kwanza batoto. Lakini siku moja, Madame, siku moja tu, tupike sombe moja ya bantu bote." Tukafanya hivyo. Sufuria kubwa, mawese, na chumvi kiasi ambacho mkono wangu ulikitoa na moyo wangu ukakiongeza. Niliona wazee wakifunga macho wakitafuna. Sijapata kualikwa kwenye karamu iliyoishinda ile.

Chupa nyingine niliizika mbali, nikaweka mawe juu. Mvua zilikuja, majani yakaota kila mahali isipokuwa pale. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi kuona.

Ndiyo, wanafunzi, kwa sababu darasa lilianza tena. Wao wenyewe walidai. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi, chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Mikia ile haikuhitaji kuimbishwa tena. Waliitumia kwa mizaha yao. Wilondja akiamka na njaa walimwita Wilondjure. Akipata kiazi, Wilondjite. Siku alipokula kwa watu wa msiba akarudi anapumua kwa shida, Perwilondjate! Nilicheka nao. Baadaye niliwaletea sulfure, sulfite, sulfate, nitrite na nitrate, na walizipokea kama watu wanaotambulishwa kwa shemeji.

Kisha ikatangazwa kwamba egzamen ya Leta, yaani mtihani wa serikali unaofunga sekondari, itafanyika Baraka. Wazazi waliogopa. Mimi niliogopa kuliko wao. Faila alisema, "Madame, tulishuka kutafuta chumvi, tutashindwa kushuka kutafuta diplome?" Tukashuka. Waliandikia magotini, ndani ya kanisa lisilo na viti, na mimi nje, nimekaa chini, nikijaribu kusoma uso wa kila aliyetoka.

Wilondja alitoka anakimbia. "Madame! Wameuliza mukia!"

Matokeo yalisomwa redioni, na sisi tulikuwa tumeshapanda tena mlimani. Redio ilikuwa ya Etongo, betri zake zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Kila jina liliposomwa tulizuia pumzi. Darasa langu lote walipita, Riziki. Wote. Jina la Faila lilisomwa na alama ambazo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuzifikia, kabla ya vita wala baada yake. Na jina la Wilondja liliposomwa, yeye mwenyewe alibisha, akasema lazima kuna Wilondja mwingine.

Unajua desturi yetu: aliyepata diplome anamwagiwa poda nyeupe kichwani, apite nayo barabarani watu wamuone. Poda tungeipata wapi? Mama Mlasi alitoka na beseni la unga wa muhogo, Apendeki mgongoni anachungulia, akawamwagia mmoja baada ya mwingine mpaka meno na macho tu ndiyo yaliyoonekana. Kisha akanigeukia.

"Mi sikufanya egzamen, Mama Mlasi," nikasema, nikirudi nyuma.

"Ulifanya," akasema. "Mi nilikuwa pale." Na beseni lote lililobaki akalimimina juu yangu.

Tuliteremka hivyo hivyo, weupe, tukiimba, mpaka barabara ya Baraka, na askari kizuizini walitupisha wakipiga makofi. Nilivuka kwenda Kigoma kuwachukua ziwa lilipofunguka, na hukunikimbilia mara moja, ulisimama kwanza ukanitazama, halafu ukaruka.

Faila yuko Bukavu sasa, anamalizia masomo yake ya juu ya shimi. Atakuja mwenyewe kukupokea gari likifika. Utamjua: atakutazama kwanza kabla ya kusema. Yale majina unayoyaogopa muulize yeye, na kama na yeye hajui, ulizeni wote wawili kwa sauti, darasani, mbele ya watu, mpaka mtu awajibu. Usikubali kuimbishwa.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mwenye pikipiki. Naacha hapa niende nikupokee mzigo. Nina furaha, mwanangu, furaha ambayo siwezi kuificha hata nikijaribu, na kesho pwani nitapiga vigelegele mpaka uone haya.

Mama yako,
ambaye Wilondja bado anamwita Madame Ure